K-25: Kiwanda cha Urani Kilichowadai Watu Wake Kimya

Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Msemo huo wafaa kuelezea habari za kiwanda kimoja cha serikali ya Marekani kilichojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika jimbo la Tennessee, kikapewa jina lisilomwambia mpita njia lolote: K-25. Kwa muda wa miaka 40 kiwanda hicho kilirutubisha urani, madini yatumikayo kutengeneza bomu la atomiki na kuendesha vituo vya umeme. Walioyajua mambo yake kwa karibu ni wale waliofanya kazi ndani yake, na hao ndio walioamriwa wasiseme neno.

Habari hizi haziko mbali na watu wa Afrika ya Kati na ya Mashariki, kwa kuwa sehemu kubwa ya mawe yaliyohitajika kwa kazi hiyo yalichimbwa katika ardhi ya Katanga. Tena zawahusu askari na polisi, ambao kutunza siri ni sehemu ya kiapo chao, na zawahusu wake, waume na watoto wanaoishi nyumba moja na siri wasiyoijua. Historia ya K-25 yaonyesha jinsi taifa lilivyowakusanya watu maelfu kwa maelfu na kuwanyamazisha kwa ajili ya vita. Yaonyesha pia gharama iliyodaiwa miaka 55 baadaye, kwa sababu hatari iliyoingia miilini mwa wafanyakazi ilifichwa pamoja na siri ya silaha.

KUPEPETA KISICHOONEKANA

Urani ichimbwayo ardhini ni mchanganyiko wa aina mbili kuu. Katika kila atomi 1,000, takriban 993 ni za aina nzito iitwayo urani 238, na 7 tu ni za aina nyepesi iitwayo urani 235. Hizo 7 ndizo zipasukazo kwa urahisi na kutoa nguvu kubwa. Vituo vingi vya umeme huhitaji atomi 30 hadi 50 za aina hiyo katika kila 1,000. Bomu lililoangushwa Hiroshima lilihitaji kiasi cha 800.

Shida ni kwamba aina hizo mbili ni kama mapacha. Hakuna dawa wala tindikali ya kawaida iwezayo kuzitenganisha kwa urahisi, maana tabia zao za kikemia zinalingana. Hutofautiana kwa uzito, na hata huo uzito watofautiana kidogo mno. Mama wa nyumbani anayepepeta mchele kwa ungo hutegemea upepo uchukue makapi mepesi na kuacha punje nzito. Wataalamu nao walitegemea jambo la namna hiyo. Waligeuza urani kuwa gesi iitwayo heksafloridi ya urani, wakaisukuma kwa pampu ipite katika kiwambo cha chuma chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Chembe nyepesi hukimbia kasi kidogo kuliko nzito, kwa hiyo gesi iliyokwisha kuvuka huwa na chembe nyepesi nyingi zaidi. Lakini ziada hiyo haifiki hata nusu ya sehemu moja katika mia.

Haba na haba hujaza kibaba. Gesi iliyovuka ilipelekwa kwenye kiwambo cha pili, kisha cha tatu, kisha cha nne. Na ile iliyobaki ilirudishwa nyuma ipepetwe upya. Katika jengo la K-25 hatua hizo zilikuwa 2,892, zimeunganishwa moja baada ya nyingine kama mabehewa ya treni. Pampu moja ikiharibika, au bomba moja likivuja, kazi ya mamia ya hatua nyingine huvurugika.

Gesi yenyewe ilikuwa adui wa watu na wa vyuma. Ikikutana na unyevu wa hewa hutoa moshi mweupe wenye tindikali ya florini, uunguzao ngozi, macho na mapafu. Hula vyuma vingi, na mafuta ya kawaida ya kulainishia mashine hayawezi kukaa nayo pamoja. Kwa sababu hiyo mabomba yote yalipaswa kuwa safi pasi doa na kufungwa barabara, ili hewa ya nje isipenye ndani wala gesi isitoke.

MAWE YA SHINKOLOBWE

Kabla ya kiwanda kulikuwa na mgodi. Mwaka 1915 mtafuta madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aligundua urani mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na mji ambao leo huitwa Likasi. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba mawe hayo kwa ajili ya radiamu iliyokuwa ikiuzwa kwa bei kubwa kwa matibabu, na urani yenyewe ikathaminiwa kidogo tu. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri wa ajabu. Mengine yalikuwa na asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali mawe ya migodi mingi ya Marekani hayakufika hata asilimia moja.

Mwaka 1940, mwaka ambao Ubelgiji ilitekwa na majeshi ya Ujerumani, mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zipelekwe New York. Mapipa yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten. Tarehe 18 Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwa Sengier, na kabla hajatoka walikuwa wamekwisha kupatana kwamba mawe hayo yote yawe ya jeshi.

Baadaye mgodi wa Shinkolobwe, uliokuwa umefungwa na kujaa maji, ulifunguliwa tena. Mawe yalisafirishwa kwa reli hadi Port-Francqui (leo Ilebo), kwa meli za mto hadi Léopoldville (leo Kinshasa), kisha kwa reli tena hadi bandari ya Matadi, na kutoka hapo yakavuka Atlantiki. Takriban theluthi mbili za urani iliyopatikana kwa mpango huo wa vita ilitoka Kongo. Wachimbaji wa Katanga, walioyashika mawe hayo kwa mikono yao, hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini, wala hawakuambiwa kuwa vumbi lake lina madhara.

KIJIJI CHA WHEAT CHAHAMISHWA

Mwezi huo huo wa Septemba 1942 Leslie Groves, aliyepandishwa cheo kuwa jenerali, alikabidhiwa uongozi wa mpango mzima. Miongoni mwa maamuzi yake ya kwanza ni kulichukua eneo la vilima na mabonde kando ya mto Clinch, katika Tennessee ya mashariki. Mahali hapo palifaa kwa sababu palikuwa mbali na pwani, palikuwa na maji mengi, na umeme wa mabwawa ya serikali ulikuwa jirani. Vilima navyo vilitenganisha bonde na bonde, hata viwanda visionane.

Lakini bonde halikuwa tupu. Watu wapatao 3,000 walikuwa wakiishi katika vijiji vya Wheat, Elza, Robertsville na Scarboro, wakilima mahindi na tumbaku na kufuga ng'ombe. Jeshi lilitwaa takriban hekta 24,000. Familia zilipewa taarifa ya kuondoka, na nyingine ziliachiwa wiki chache tu za kufungasha vyombo, kuvuna kilichokuwa shambani na kutafuta mahali pengine pa kuishi. Wengi waliyaona malipo kuwa madogo. Wako waliokuwa wamekwisha kuhamishwa mara moja katika miaka ya 1930 kupisha bwawa la Norris. Sasa wakahama mara ya pili.

Kiwanda cha K-25 kilijengwa kwenye ardhi ya Wheat. Katika kijiji hicho lilibaki kanisa moja, na wenyeji pamoja na watoto wao walishika desturi ya kurudi kanisani hapo kila mwaka kukutana na kuwakumbuka waliotangulia. Hivyo watu wa kwanza kudaiwa kimya na K-25 walikuwa wakulima, nao walidaiwa kabla jiwe la msingi halijawekwa.

KUJENGA KABLA YA KUJUA

Jina la kiwanda lilikuwa fumbo. Herufi K ilitokana na Kellex, kampuni iliyoundwa mahususi kukichora chini ya uongozi wa mhandisi Percival Keith. Namba 25 ilikuwa neno la siri la urani 235. Ujenzi ulifanywa na kampuni ya J. A. Jones, na uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya Union Carbide.

Jengo lilikuwa na umbo la herufi U. Kila mkono wake ulikuwa na urefu wa takriban mita 800 na ghorofa 4, na eneo lake lilikuwa hekta 18 hivi, sawa na viwanja vya mpira zaidi ya 20. Lilipokamilika lilihesabiwa kuwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani. Ndani yake wafanyakazi walitumia baiskeli ili wafike upesi kwenye mashine zilizo mbali. Wakati kazi ilipopamba moto, wajenzi walifikia 25,000, na gharama ya kiwanda ilipita dola milioni 500 za wakati ule.

La kustaajabisha ni kuwa zege lilianza kumwagwa mwaka 1943 ilhali kiwambo, ambacho ndicho moyo wa kiwanda, kilikuwa hakijapatikana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiwemo John Dunning na Harold Urey, walikuwa bado wanahangaika. Kiwambo kilitakiwa kiwe na mamilioni ya vitundu vinavyolingana, kistahimili gesi kali, tena kiwe na nguvu ya kutosha kisivunjike. Aina ya kwanza ilikatika kwa urahisi. Mwezi Januari 1944 Groves aliamuru aina nyingine ya unga wa nikeli ichukuliwe badala yake, na kiwanda cha Decatur, jimbo la Illinois, kilichokuwa kimeandaliwa kutengeneza aina ya kwanza, kikafumuliwa na kupangwa upya.

Ikatokea shida ya pili. Chuma kilichoweza kustahimili gesi ile ni nikeli, lakini kutengeneza matangi yote kwa nikeli tupu kungemaliza nikeli iliyokuwa ikipatikana duniani. Kampuni ya magari ya Chrysler, huko Detroit, ilipata njia ya kupaka utando mwembamba wa nikeli ndani ya matangi ya chuma cha kawaida kwa nguvu ya umeme. Maelfu ya matangi yakatengenezwa namna hiyo, yakasafirishwa hadi Tennessee na kuunganishwa na mafundi waliovaa nguo maalum na glavu, kwa kuwa hata jasho la kiganja lingeweza kuharibu kazi.

FAMILIA NYUMA YA UA

Karibu na viwanda hivyo ulizuka mji mpya uitwao Oak Ridge. Mwaka 1942 haukuwako; mwaka 1945 ulikuwa na wakazi wapatao 75,000. Wanawake waliwafuata waume zao kutoka majimbo ya mbali, wakakuta barabara za tope, milolongo mirefu madukani, na nyumba zilizofanana hata watoto wakapotea. Mji ulizungushiwa ua na kulindwa malangoni. Kila mkazi aliyepita umri wa miaka 12 alitakiwa kuvaa beji. Mgeni, hata akiwa mzazi wa mwenye nyumba, hakuingia bila kibali.

Mabango yaliwakumbusha watu kwamba yote waliyoyaona na kuyasikia wayaache humo humo. Mke hakumwuliza mumewe kazi yake, na mume hakumwuliza mkewe. Fundi alijua kuwa sindano fulani ya saa isivuke alama fulani. Kwa nini isivuke, hakujua. Baadhi ya wakazi walipewa bahasha za kupeleka taarifa za siri juu ya maneno ya wenzao, nazo zilikuwa na anwani ya kampuni ya bima iliyobuniwa ili kuficha ofisi ya usalama.

Mji huo uliwagawa watu kwa rangi. Wafanyakazi weusi, waliofanya sehemu kubwa ya kazi ngumu za ujenzi, walilazwa katika vibanda vya mbao vyenye upana wa takriban mita 5 kila upande, watu wanne au zaidi katika kila kimoja. Mume alilala upande wa wanaume na mke upande wa wanawake, kukiwa na ua na mlinzi kati yao. Taifa liliwataka watoe jasho na kimya sawa na wengine, lakini liliwanyima hata haki ya kukaa pamoja kama mume na mke.

MWAKA WA MOTO

Hatari ilijitokeza mapema. Tarehe 2 Septemba 1944, katika kituo cha majaribio ndani ya bandari ya jeshi huko Philadelphia, mtungi wa heksafloridi ya urani ulilipuka. Watu 2 walikufa na wengine wakaunguzwa na tindikali, wakiwemo askari waliokuwa wametumwa hapo kujifunza kazi. Sababu ya vifo hivyo haikutangazwa. Jamaa za marehemu walizika pasipo kujua kilichowaua wapendwa wao.

Tarehe 20 Januari 1945 gesi iliingizwa kwa mara ya kwanza katika hatua za K-25. Wakati huo palikuwa na viwanda vingine viwili jirani: S-50, kilichotumia joto, na Y-12, kilichotumia sumaku kubwa kwa njia iliyobuniwa na Ernest Lawrence. Vilianza kama washindani, lakini baadaye viliunganishwa kama wabeba mizigo wapokezanao. Urani iliyorutubishwa kidogo na S-50 ilipelekwa K-25, na ile ya K-25 ilipelekwa Y-12 ikamaliziwe. Kwa jitihada hizo zote pamoja zilipatikana takriban kilo 64 za urani kwa bomu moja.

Bomu hilo liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Hadi mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa katika mji huo. Siku ile ile tangazo la Rais Truman lilisomwa redioni, na maelfu ya wafanyakazi wa Oak Ridge wakasikia kwa mara ya kwanza kutoka redioni kazi waliyokuwa wakiifanya kwa mikono yao. Wengi walifurahi kwamba vita vinakwisha na vijana wao watarudi nyumbani. Wengine walinyamaza walipofahamu ukubwa wa maangamizi.

KAZI YAENDELEA BAADA YA VITA

Vita vilipokwisha, K-25 haikufungwa. Njia yake ilidhihirika kuwa nafuu kuliko ile ya sumaku, na mwisho wa mwaka 1946 karibu mitambo yote ya sumaku ilikuwa imezimwa. Majengo mengine yakaongezwa: K-27, K-29, K-31, na mwaka 1954 likamalizika lile la K-33. Serikali ilijenga pia viwanda viwili vya namna hiyo mahali pengine, kimoja Paducah katika jimbo la Kentucky kilichoanza mwaka 1952, na kingine karibu na Portsmouth katika jimbo la Ohio kilichoanza mwaka 1954. Milango ya mji wa Oak Ridge ilifunguliwa kwa watu wote mwezi Machi 1949, lakini viwanda vilibaki nyuma ya ua.

Mwaka 1964 kazi ya kutengeneza urani ya silaha ilisimamishwa, na jengo la kwanza la herufi U likazimwa. Majengo mapya zaidi yaliendelea kurutubisha urani ya kiwango cha chini kwa vituo vya umeme vya Marekani na vya nchi nyingine. Lakini pampu maelfu zinazozunguka usiku na mchana hula umeme kupita kiasi. Bei ya umeme ilipopanda, na vituo vipya vya nyuklia vilivyotarajiwa vikafutwa, kiwanda kikawa mzigo. Mwaka 1985 mitambo ilisimama, na mwaka 1987 kiwanda kikafungwa moja kwa moja. Kile cha Portsmouth kiliacha kurutubisha mwaka 2001, na cha Paducah mwaka 2013.

MFICHA MARADHI

Katika miaka hiyo yote wafanyakazi walikuwa wakizeeka, na wengi wao wakiugua. Kazini walikuwa wamekutana na mengi: vumbi la urani, moshi wa florini, unga wa nikeli, asbesto iliyofunika mabomba, na sumu nyingine za mafuta ya mitambo. Tangu miaka ya 1950 baadhi ya urani iliyoingizwa ilikuwa imekwisha kutumika katika vinu vya atomiki, kwa hiyo ilibeba mabaki ya plutoni, neptuni na teknesi, vitu vyenye mionzi ambavyo wafanyakazi wengi hawakuelezwa kuwa vimo.

Mtu alipougua saratani alikuta milango miwili imefungwa. Daktari wake wa mtaani hakuweza kuambiwa alichokuwa akikishika kazini, kwani kilikuwa siri. Naye alipodai fidia aliulizwa ushahidi wa kiasi cha mionzi kilichompata, nao ushahidi huo mara nyingi haukuwako, kwa kuwa si wote waliopewa vipimo vya mionzi vya kuvaa, na kumbukumbu za miaka ya mwanzo zilikuwa na mapengo. Mali bila daftari huisha bila habari. Na afya ya mtu ni mali kuliko mali zote.

Mjane alijua jinsi mumewe alivyorudi nyumbani jioni, nguo alizofua na kikohozi alichokisikia usiku, lakini hakuwa na karatasi ya kuithibitishia serikali. Mwaka 1999 Waziri wa Nishati, Bill Richardson, alikiri kwamba serikali ilikuwa imezoea kupinga madai ya watu wake, akaahidi kubadili mwendo huo.

Sheria ya fidia ilitiwa saini mwezi Oktoba 2000. Ilitoa dola 150,000 pamoja na gharama za matibabu kwa mfanyakazi wa viwanda vya silaha za nyuklia aliyepata maradhi yaliyotajwa, na kama amekufa, malipo yaende kwa mjane au watoto wake. Kwa watu wa K-25, Paducah na Portsmouth sheria iliongeza jambo la maana. Aliyefanya kazi huko siku 250 au zaidi kabla ya Februari 1992, katika kazi iliyohitaji kipimo cha mionzi, akapata moja ya saratani zilizoorodheshwa, hakutakiwa tena kuthibitisha kiasi cha mionzi. Kwa maneno mengine, madhali serikali ndiyo iliyoshindwa kutunza kumbukumbu, mzigo wa kumbukumbu hizo haukupaswa kuwekwa mabegani mwa mgonjwa. Mwaka 2004 mpango ulipanuliwa uwafikie walioumizwa na kemikali. Hata hivyo wengi walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki waliijaza fomu yao wakiwa wazee.

Wachimbaji wa Shinkolobwe hawamo katika sheria hiyo. Iliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa serikali ya Marekani na wa makandarasi wake, na mchimbaji wa Katanga hakuwa mmoja wao. Sengier alitunukiwa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Mji wa Léopoldville ulipata kinu cha utafiti wa nyuklia mwaka 1959, cha kwanza katika Afrika. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa na mashimo yake kuzibwa kwa zege. Lakini umaskini haujui zege: watu walirudi kuchimba kobalti na shaba kwa mikono kando ya mashimo yale. Mwezi Januari 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji huo, na mwezi Julai mwaka huo huo ardhi iliporomoka na kuwaua wachimbaji waliokuwamo ndani.

KUBOMOA KULIVYOKUWA KUGUMU

Kiwanda kilichojengwa kwa miaka miwili hakikubomolewa kwa miaka miwili. Mwezi Januari 2006, wakati wa matayarisho, fundi mmoja alitumbukia baada ya sakafu iliyooza kukatika, akaumia vibaya, na mpango wa kazi ukabidi utazamwe upya. Kubomoa jengo la herufi U kulianza mwezi Desemba 2008 na kumalizika mwezi Desemba 2013. Sehemu ya mwisho ilichelewa kwa sababu ya teknesi, ambayo husafiri upesi na maji na kupenya ardhini. Jengo la K-27, la mwisho kati ya majengo matano ya gesi, liliangushwa mwaka 2016. Usafishaji wa sehemu kuu ya eneo hilo ulitangazwa kukamilika mwaka 2020, na mwaka huo huo pakafunguliwa jumba la makumbusho panapohifadhiwa habari za kiwanda na za watu wake, wakiwemo wenyeji wa Wheat.

FUNDISHO KWA WENYE VIAPO NA JAMAA ZAO

Hakuna jeshi lisilo na siri, wala polisi asiyejua jambo ambalo hapaswi kulisema mezani. Familia za walinzi wa nchi zalifahamu hilo, nazo huvumilia. Lakini habari za K-25 zatufunza kuzitenga siri mbili zilizochanganywa humo kana kwamba ni moja. Mchoro wa kiwambo ulikuwa siri ya taifa, na kuificha wakati wa vita kulieleweka. Madhara ya moshi uliomwingia fundi mapafuni yalikuwa haki ya fundi huyo, na kumficha hayo hakukumzuia adui yeyote. Kulimzuia daktari tu.

Kwa hiyo mwenye kazi ya hatari hana budi kuomba, kwa adabu na kwa njia zilizowekwa, aandikishwe katika daftari: alifanya kazi wapi, kwa muda gani, alishika nini, alipimwa lini na daktari. Karatasi hizo, pamoja na barua za uhamisho na vyeti vya hospitali, zafaa kuwekwa nyumbani mahali pakavu na palipo salama, na mwenzi wa ndoa ajue zilipo, kwani huenda yeye ndiye atakayezihitaji. Mke hahitaji kuambiwa siri ya kambi ili aweze kutunza cheti cha mumewe. Wala mume hahitaji kujua siri ya ofisi ya mkewe ili atunze cha kwake.

Na mkuu wa kazi, awe wa jeshi, wa polisi au wa kiwanda, akumbuke kuwa anayetii amri ya kunyamaza amempa taifa amana kubwa. Amana hiyo hurudishwa kwa ukweli na kwa matunzo, akiwa bado hai. Mficha maradhi, kifo humwumbua; na serikali inayoyaficha maradhi ya watumishi wake huumbuliwa na wajane wao.